Siku Niliyoweka Bakuli Kwenye Mizani

Mwezi wa Novemba 2022 nilimfukuza kazi binti aliyekaa kaunta yangu kwa miaka mitatu. Nilimwita jikoni saa nne usiku, baada ya kufunga, mbele ya mpishi na vijana wawili wa kuosha vyombo. Nikamwambia pesa za pilau hazitimii, na kwamba anayeshika pesa ni yeye peke yake. Hakupiga kelele. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitunguu, akasema, "Mama, Mungu anajua." Kisha akatokea mlango wa nyuma.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu binti yule hakuchukua hata shilingi moja. Nilikuja kulijua hilo miezi minane baadaye, na kilichonijulisha ni hesabu. Watu wakisikia nimeweka programu ya uhasibu kwenye mgahawa hunipongeza kwa kukuza biashara, nami nawashukuru. Lakini mabadiliko ninayotaka kuyashuhudia ni ya moyoni kwanza. Nimejifunza kwamba mtu asiye na hesabu, pesa zikipungua, atatafuta mwizi, na atampata hata kama hayupo.

Hesabu za kichwani

Mgahawa wangu uko Magomeni, Dar es Salaam. Nilianza mwaka 2014 na meza nne na jiko la mkaa. Asubuhi supu na chapati; mchana wali maharage, ugali samaki, ndizi nyama, na pilau, ambayo ndiyo iliyonipa jina. Nyama naichukua Vingunguti, samaki Feri alfajiri, ndizi Mabibo. Nimekulia kwenye nyumba ya wauza chakula. Bibi yangu aliuza mchele kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na kila kibaba alikipitishia kiganja juu ili kisizidi wala kisipungue. Kuandika hakujua, lakini kupima alijua. Mimi nikajifunza kuandika, kupima nikakuacha.

Nilikuwa na daftari kubwa la kaunta. Ukurasa wa kushoto mauzo, wa kulia manunuzi. Jioni natoa cha kulia kwenye cha kushoto, kinachobaki naita faida. Ada ya shule ikifika, natoa kwenye droo. Mchango wa harusi ya jirani, droo. Marejesho ya kikoba, droo. Hayo sikuyaandika, maana nilisema pesa ni yangu na mgahawa ni wangu, sasa namwandikia nani?

Hesabu ya pilau ilikuwa kichwani. Sufuria moja ni kilo 10 za mchele na kilo 5 za nyama, inatoa sahani 50. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sahani wakati huo ilikuwa shilingi 3,500, kwa hiyo sufuria ikiisha nategemea 175,000. Katikati ya mwaka 2022 nikaanza kuona sufuria inaisha, tena mapema, na pesa ya pilau ni 133,000. Inakosekana 42,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 za mwezi, hiyo ni zaidi ya milioni moja.

Binti wa kaunta alikuwa akipiga vistari kwenye karatasi, sahani moja kistari kimoja, na vistari vyake vilikuwa 38. Alinionyesha. Nikamjibu kwamba kistari ni kitu cha kalamu, mtu anaweza kukiacha. Ndiyo maneno niliyomwambia.

Alipoondoka nikamleta mtoto wa shemeji, mtu wa nyumbani, ili niwe na amani. Wiki ya kwanza sufuria ya pilau ikaleta 133,000. Badala ya kusimama nikajiuliza, nikasema naye keshaonyeshwa njia na wenzake. Nikaanza kumtazama mpishi kwa jicho lingine. Nikawa nafungua mifuko ya wafanyakazi wakitoka. Watu ninaokula nao sufuria moja, tukaacha kuzungumza.

Mfumo ulioniongezea giza

Mwisho wa mwaka ule muuzaji mmoja akaniuzia mfumo. Nilimpa shilingi 600,000, na kila mwezi kulikuwa na malipo mengine. Akaja na kompyuta yake, akaingiza vyakula vyangu vyote kwa mchana mmoja huku akiongea na simu. Aliniambia mfumo utapunguza stoo wenyewe kila sahani ikiuzwa, na mwizi atajitokeza peke yake. Maneno hayo ndiyo niliyotaka kuyasikia.

Wiki ya tatu skrini ikaniambia nina mchele hasi kilo 84. Nikaingia stoo, magunia nayaona kwa macho yangu. Nyama nayo ilikuwa hasi, vitunguu hasi. Vijana wa kaunta, vitufe vikiwachanganya, walikuwa wakibonyeza kile cha "vinginevyo" kwa kila mteja ili foleni isogee. Mwezi wa Machi 2023 sikuendelea kulipia. Nikarudi kwenye daftari langu na hasira zangu.

Sasa naelewa kosa lilikuwa wapi, na ninalisema kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua mfumo kesho. Hakuna aliyeingiza stoo ya kuanzia, yaani vitu vilivyokuwepo siku ile. Mfumo ulianza na sifuri, ukawa unapunguza kwenye sifuri. Kiasi cha mchele kwa kila sahani kilikisiwa. Programu haioni jikoni kwako. Inajua ulichoiambia tu, na ukiidanganya inakurudishia uongo wako umepangwa vizuri kwenye safu.

Siku tano kabla ya kuwasha kompyuta

Mwezi wa Juni binti wa dada yangu alikuja likizo kutoka Dodoma. Ni mhasibu wa shule. Nilimwomba aje anitafutie mwizi. Akakaa mezani, akafunua daftari langu kurasa kama ishirini, akalifunga polepole. "Mama mdogo," akasema, "mimi mwizi sitamtafuta. Nitakuwekea hesabu. Kama yupo, tutamwona. Kama hayupo, tutaona hayupo."

Nilidhani ataanza na kompyuta. Siku tano nzima hakuigusa. Alishinda jikoni na kaunta na karatasi mkononi, akiuliza. Nyama inalipwa lini? Kila Jumamosi. Nani ana lipa namba? Tunazo mbili, za mitandao miwili. Nani anakula kwa mkopo? Bodaboda wa kijiweni na watumishi wa ofisi ya jirani, wanalipa mwisho wa mwezi. Wafanyakazi wanakula nini? Sikuwa na jibu. Watu saba, milo miwili kwa siku, miaka tisa, na hakuna mahali popote nilipowahi kuandika kwamba wamekula.

Kisha akaniandikia orodha ya akaunti. Makundi yalikuwa matano: mali, madeni, mtaji, mapato na matumizi. Ndani ya mali akaweka droo ya pesa taslimu peke yake, kila lipa namba peke yake, benki, stoo ya chakula, stoo ya vinywaji, wanaodaiwa na vifaa. Ndani ya madeni akaweka muuza nyama, muuza mkaa na kikoba, kwa sababu mkopo wa kikoba ndio ulionunua friji la pili. Mapato yakagawanywa: chakula, vinywaji, na oda za shughuli, maana pilau la msibani au la maulidi lina gharama zake. Matumizi yakaanza na nyama, mchele, mafuta, viungo, mkaa na gesi, yakaja mishahara, pango, umeme, maji, usafiri, makato ya miamala, chakula cha wafanyakazi.

Mwisho akaandika akaunti moja chini ya mtaji: Matumizi ya Mwenye Biashara. Nikamuuliza hiyo ya nini. Akasema, "Hiyo ni mkono wako, mama mdogo. Ukiingia kwenye droo, nayo itaandikwa."

Tukachagua GnuCash, programu ya bure ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti ili ufanye kazi. Kwetu umeme ukikatika na bando likiisha siku moja, hilo si jambo dogo. Nililolipenda zaidi ni kwamba majina ya akaunti unayaandika mwenyewe. Hivyo kwenye kompyuta yangu pameandikwa Nyama, Mkaa, Mchele, Wanaodaiwa. Kijana wa kaunta akisoma anaelewa, wala habahatishi kitufe. Kompyuta yenyewe tulinunua iliyotumika. Mizani ya jikoni tukanunua mpya.

Usiku wa tarehe 30 Juni 2023 tulifunga mapema tukahesabu kila kitu. Mchele ukapimwa kwa kilo, mafuta kwa lita, soda kreti kwa kreti, mkaa gunia kwa gunia. Droo ikahesabiwa mara mbili na watu wawili. Masalio ya simu tukayanakili. Tukaandika kila anayetudai na kila tunayemdai. Tulipomaliza ilikuwa karibu saa nane usiku. Mali zote zilifika shilingi 8,380,500 na madeni 1,520,000. Tofauti yake, 6,860,500, ndiyo mtaji wangu. Nilikaa nikaitazama ile namba muda mrefu. Miaka tisa nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri bila kujua nina nini. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mimi nilikuwa nalo. Habari ndizo sikuwa nazo.

Kila kitu kina kilikotoka na kilikokwenda

Binti wa dada yangu, ambaye namwita mwanangu, alinifundisha kuandika hesabu kwa pande mbili, nami nilielewa kwa mfano wa mchele. Gunia likiingia stoo, pesa imetoka droo. Stoo imeongezeka, droo imepungua, kwa kiasi kilekile. Gunia likiingia kwa mkopo, stoo imeongezeka na deni la muuzaji limeongezeka. Mchele ukienda jikoni, stoo imepungua na gharama ya chakula imeongezeka. Hakuna pesa inayotokea hewani wala inayopotelea hewani. Ukiandika upande mmoja ukasahau wa pili, programu inafungua akaunti ya tofauti na kukuwekea pale kiasi kisichokuwa na mwenyewe, mpaka urudi ukitafute. Aliniambia utaratibu huu ulielezwa na mtawa wa Italia, Luca Pacioli, katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, miaka minne kabla Vasco da Gama hajafika pwani yetu. Mimi nikakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Nimeisikia ikisomwa tangu utoto. Sikuwahi kuipeleka kaunta.

Kazi ya kila siku tuliifanya nyepesi, kwa sababu mgahawa hauna mtu wa kukaa kwenye kompyuta mchana. Kaunta ina karatasi ya siku. Juu pana mauzo yote kama yalivyo kwenye ripoti ya Z inayotolewa na mashine ya EFD ya risiti za kodi wakati wa kufunga. Chini yake mauzo yanagawanywa: taslimu kiasi gani, lipa namba kila moja kiasi gani, mkopo kiasi gani na jina la aliyekopa. Kisha manunuzi, kila moja na risiti yake. Mama anayeniuzia ndizi Mabibo hana risiti, kwa hiyo tuna kitabu cha hati za malipo: tarehe, mikungu mingapi, bei, sahihi yake au ya aliyetumwa. Karatasi hizo zinafungwa kwa mwezi na kuwekwa kwenye sanduku, maana sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Usiku mimi au kijana wa kaunta tunaingiza karatasi ya siku kwenye programu. Ni kazi ya dakika ishirini. Jumamosi faili linanakiliwa kwenye flashi inayolala nyumbani kwangu.

Mwezi wa kwanza tuliendesha daftari la zamani na programu pamoja. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Makosa ya kuanzia yanaonekana mapema, na wafanyakazi wanazoea bila kuogopa.

Bakuli

Ilikuwa katikati ya Julai. Jioni tuliingiza karatasi ya siku, na pilau ikasoma sahani 38, shilingi 133,000. Nikamwambia mwanangu, unaona? Ndiyo hiyo. Hamsini zimekuwa thelathini na nane.

Hakunijibu. Alikwenda nyuma kwenye karai la vyombo, akahesabu sahani chafu zenye mafuta ya pilau, kisha za wafanyakazi akazitenga. Zikabaki 38. Akarudi jikoni akamwomba mpishi amwonyeshe anavyopakua. Mpishi akachukua bakuli la kupimia, la plastiki, akalijaza wali uliobaki wa wafanyakazi, akalipindua juu ya sahani kama kawaida. Sahani ikawekwa kwenye mizani, uzito wa sahani ukatolewa. Gramu 660.

"Siku zote mnatumia bakuli hili?"

"Hili tunalo mwaka na kitu," mpishi akasema. "La kwanza lilikuwa la kijani. Lilipasuka."

La kijani lilikuwepo bado, tulilitumia kuwekea chumvi. Likamwagwa, likafutwa, likajazwa, likapimwa. Gramu 500.

Mwanangu akaandika kwenye pembe ya karatasi ya siku, nami nikiangalia mkono wake. Mia tano mara hamsini, kilo 25. Mia sita na sitini mara thelathini na nane, kilo 25 na gramu 80. Sufuria ilikuwa ileile. Pilau lilikuwa lilelile. Lililiwa na wateja wangu, sahani 38 zilizojaa, na binti yule alipiga vistari 38 vya kweli.

Nikauliza, bakuli hili jipya nani alilinunua. Jikoni pakawa kimya. Mpishi akasema kwa sauti ya chini, "Ni wewe, Mama. Ulitoka nalo Kariakoo, mwaka jana mwezi wa sita."

Nilivuta ndoo nikakaa. Katika Kurani imo sura nzima inayoitwa Wapunjao, inayowaonya wanaopunguza kipimo. Maisha yangu yote niliogopa kumpunja mteja. Sikumpunja mteja. Nilimpunja mtoto wa watu heshima yake.

Yaliyojitokeza baada ya hapo

Hesabu ikishawekwa sawa, inaendelea kusema hata yale usiyoyauliza. Tuliandika gharama ya sufuria ile ya pilau, kitu kwa kitu, kwa bei tulizonunulia wiki ile:

Mchele kilo 10: shilingi 30,000
Nyama kilo 5: 50,000
Mafuta lita moja na nusu: 9,000
Vitunguu: 6,000
Viazi: 4,500
Viungo, saumu na tangawizi: 7,000
Mkaa: 6,000
Kachumbari: 5,000

Hiyo ni 117,500. Kila sahani inakwenda na ndizi mbivu moja ya 200, kwa hiyo sahani 38 zilinigharimu 125,100. Nilikuwa napata 133,000. Pilau iliyonipa jina mjini ilikuwa inaniachia 7,900 kwa sufuria, na humo bado hajalipwa mpishi, halijalipwa pango, haujalipwa umeme.

Tukakubaliana na mpishi. Sikutaka kurudi ghafla kwenye gramu 500, kwani wateja walishazoea kushiba. Tulitafuta bakuli la gramu 550, likatoa sahani 45, na bei ikapanda hadi 4,000. Nilisimama mwenyewe mlangoni siku tatu nikiwaeleza wateja. Wachache walinung'unika. Wengi walisema afadhali umesema. Sufuria ile sasa ikanigharimu 126,500 na kuleta 180,000.

Jambo la pili lilikuwa pango. Nalipa miezi sita kwa mpigo, shilingi 2,400,000. Zamani mwezi wa kulipa niliuona wa hasara na mingine mitano niliiona ya neema, nikawa natumia neema isiyokuwepo. Sasa pango lililolipwa mbele linakaa upande wa mali, na kila mwezi programu yenyewe inahamisha 400,000 kwenda kwenye matumizi. Kila mwezi unabeba mzigo wake.

La tatu ni lipa namba. Salio la kwenye simu na salio la kwenye programu yalikuwa hayafanani, nami, kwa tabia yangu ya zamani, moyo ukaanza kumtafuta mtu. Tukakaa na taarifa ya miamala, tukaweka alama mstari kwa mstari. Tofauti yote ilikuwa makato ya kutoa pesa. Tukayaandika kwenye akaunti yake, na tangu hapo wauzaji wakubwa nawalipa moja kwa moja kutoka kwenye simu badala ya kutoa pesa mkononi kila jioni.

La nne liliniuma kuliko yote. Mwisho wa Julai mwanangu alifungua ile akaunti ya Matumizi ya Mwenye Biashara. Ilisoma 860,000. Ada, michango, vocha, kitenge, elfu kumi ya huku na elfu tano ya kule. Mwezi mmoja. Mkono uliokuwa ukitoa pesa kwenye droo bila kuandika ulikuwepo kweli. Ulikuwa wangu. Tangu Agosti najilipa mshahara, tarehe moja na wafanyakazi, na droo siigusi.

Ndipo pia nilipojua mauzo yangu ya mwaka yanakwenda karibu milioni 90. Mwanangu akanieleza kwamba kwa sheria ya wakati huo, chini ya milioni 100 mfanyabiashara mdogo alitozwa kodi kwa kuangalia mauzo, na akivuka hapo alitakiwa kupeleka hesabu kamili za faida na hasara. Mwaka ule ule, tarehe 1 Julai, kiwango cha kusajiliwa VAT kilipanda kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Zamani maneno kama haya yaliniogopesha, nikikutana na mtu wa kodi mapigo yanabadilika. Mwaka uliofuata nilikwenda ofisini kwao na karatasi zangu mkononi, nikaulizwa maswali matano, nikajibu matano.

Mbagala

Kuomba radhi hakuendwi peke yako. Nilikwenda na dada yangu mkubwa, Jumapili asubuhi, hadi Mbagala alikokuwa akiishi binti yule na mama yake. Tulimkuta barazani kwenye jiko, anachoma vitumbua. Alinyanyuka, akanisalimia shikamoo kama zamani. Salamu ile ilinichoma.

Nilimtuhumu mbele za watu, kwa hiyo niliomba asinisikilize faraghani. Nilisema mbele ya mama yake na majirani waliokuwa wakingoja vitumbua: binti huyu hakuniibia, nilikosea mimi, bakuli nilinunua mimi, na nimekuja kumsafisha jina lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujieleza, na anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Mimi sikumpa hata dakika 28. Nilimpa mshahara wa notisi na wa miezi aliyokaa bila kazi kabla hajaanza biashara yake. Niliutoa kwenye mshahara wangu kwa awamu tatu, na kila awamu iliandikwa.

Mama yake alilia. Yeye hakulia. Aligeuza vitumbua vilivyokuwa vinakaribia kuungua, kisha akasema jambo ambalo silisahau: "Mama, mimi nimekusamehe siku nyingi. Lakini usiku ule sahani chafu zilikuwepo pale nyuma. Ungezihesabu."

Nilimwomba arudi kazini, akakataa kwa adabu. Vitumbua vyake vilikuwa vimeshampatia wateja. Tulichokubaliana ni kwamba ataniletea vitumbua 80 kila asubuhi. Leo kwenye orodha yangu ya wanaotudai, chini ya muuza nyama na muuza mkaa, yupo yeye. Analipwa kila Jumamosi, na hajawahi kungoja Jumatatu.

Kwa mwenzangu mwenye mgahawa

Nakuomba jambo moja. Kabla hujanunua mfumo wa bei yoyote, nunua mizani. Pima bakuli, upawa, kipande cha nyama, glasi ya juisi. Hesabu stoo yako yote usiku mmoja, hata kama mtalala alfajiri. Andika mkono wako mwenyewe kabla ya mkono wa mfanyakazi. Kisha tafuta mhasibu akukalie siku tano jikoni kabla ya siku moja kwenye kompyuta. Programu itakuja baadaye, na itakusaidia sana, kwa sababu utakuwa na ukweli wa kuipa.

Bakuli la kijani lenye ufa lipo kwenye rafu, juu ya kompyuta. Wageni hudhani tumesahau kulitupa.

Wiki iliyopita droo ilipungua shilingi 8,000. Kijana wa kaunta alisimama mbele yangu, mikono nyuma, ananingoja niseme. Nilinyanyuka nikaenda kwenye karai, tukahesabu sahani pamoja. Zilizidi vistari vyake kwa mbili. Akafikiri kidogo, kisha akakumbuka: bodaboda wawili, pilau mbili, mkopo, mvua ilikuwa inanyesha na foleni ndefu, hakuwaandika. Tukawaandika. Pande mbili zikalingana, nikafunga kompyuta, nikamwambia aende nyumbani akalale.